Je, Ni Haki Mume Alale Wakati Mkewe Anakesha?



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, bwana mmoja na bibi yake walinisubiri kando ya kanisa. Kwanza tulizungumza habari za mvua na karo ya shule, kama ilivyo desturi. Kisha yule bwana akakohoa kidogo akasema, "Mwalimu, tuna jambo dogo." Katika miaka niliyosaidia kuendesha semina za wanandoa nimejifunza kwamba jambo likiitwa dogo mlangoni pa kanisa, huwa si dogo.

Bibi alikuwa na mimba ya miezi saba. Tangu mwezi wa tano usingizi ulikuwa umemtoroka. Analala saa nne, na ikifika saa saba yuko macho. Anageuka kushoto, anageuka kulia, anakwenda msalani, anarudi. Kiungulia kinampanda hadi kooni. Akianza kusinzia, shavu la mguu linakazana kama kamba, naye anaruka kwa maumivu. Bwana ni dereva wa basi la abiria, na huondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Kitanda chao ni cha zamani. Bibi akigeuka, kitanda kinalia, na bwana naye anaamka. Sasa alikuwa anafikiria kuhamia kwenye kochi sebuleni hadi mtoto azaliwe.

Nilimgeukia bibi. "Ahame tu, Mwalimu," alisema. "Yeye ana kazi." Lakini alisema hayo akitazama chini. Bwana aliyaona yale macho, na nadhani ndiyo sababu walikuja kwangu. Akaniuliza wazi: "Nikihama nitakuwa nimemkosea?"

Niliwaomba wanipe wiki moja nifikirie. Nilikuwa na sababu yangu ya kutokujibu haraka, nami nitaieleza hapo mbele. Ukurasa huu ni yale niliyoyafikiri.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa wawili wanalala kitanda kimoja, na bado mmoja hajui kunguni wa mwenzake. Kwa hiyo, akina baba, kabla ya kuuliza lililo haki, tujue kwanza ni nini hasa kinachomwamsha mama.

Mimba ikiwa changa, mwili wa mama hutoa kwa wingi homoni iitwayo projesteroni. Homoni hii humletea usingizi mwingi mchana, na usiku humpa usingizi wa kukatika katika. Figo zake hupata damu nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo mkojo huongezeka. Na baadaye mtoto anapokua, tumbo la uzazi hukandamiza kibofu. Homoni hiyo hiyo hulegeza mlango ulio kati ya koo la chakula na tumbo, na mtoto anapozidi kupanda, asidi ya tumbo nayo hupanda. Hicho ndicho kiungulia. Mgongo na nyonga huuma kwa sababu viungo vinalegea na uzito umeongezeka upande wa mbele. Wapo pia wanaohisi miguu inatambaatambaa na haitaki kutulia. Mara nyingi hali hiyo huambatana na upungufu wa madini ya chuma mwilini.

Juu ya yote hayo kuna mawazo. Nitajifungua salama? Pesa za hospitali zitatoka wapi? Na kama alishawahi kupoteza mimba, kila usiku anamsikilizia mtoto, ana uhai au hana. Mchana kuna sufuria za kuosha na watoto wa kupeleka shule, mawazo yanapata kizuizi. Usiku hakuna kizuizi.

Basi bwana anayesema, "Mama huyu anapenda kulalamika, mbona wa kwetu walizaa kumi," anasema jambo asilolijua. Wa kwao nao hawakulala. Ila hakuna aliyewauliza.

Hoja ya bwana

Hata hivyo, tuwe wa haki kwa bwana. Mimba ni kazi ambayo Mungu hakuigawa nusu kwa nusu. Hata bwana akikaa macho usiku kucha, kiungulia hakitahamia kifuani mwake. Kutakuwa na watu wawili waliochoka badala ya mmoja. Tena huyu bwana ni dereva. Nyuma yake hukaa akina mama, wanafunzi na wazee ambao wameweka maisha yao mikononi mwake. Dereva anayesinzia katika usukani anaweza kuua watu ambao hawakuwa na habari kwamba nyumbani kwake kuna mjamzito. Usingizi wake si wa starehe. Ni sehemu ya haki anayowadai abiria wake na wao wanayomdai yeye.

Kwa hiyo siwezi kumwambia, "Ukilala wewe ni mbaya." Mwenye kusema hivyo anachanganya upendo na adhabu. Kuteseka pamoja na mtu bila kumsaidia kitu si lazima kuwe upendo. Wakati mwingine ni njia ya kujiondolea lawama. Nimewahi kumwona mume aliyekesha kila usiku, halafu mchana kutwa akamkumbusha mkewe jinsi alivyokesha. Afadhali angelala.

Hoja ya bibi

Lakini tumsikilize na bibi, ambaye alisema maneno machache. "Ahame tu, yeye ana kazi." Katika maneno hayo kuna jambo linaloumiza. Ni kana kwamba yeye hana kazi. Yule anayejenga moyo na mifupa ya mtu mwingine ndani ya mwili wake, saa ishirini na nne bila likizo, amekuja kuamini kwamba kazi ni ile tu yenye saa ya kuripoti na mshahara. Nani alimfundisha hivyo? Naogopa kwamba ni sisi.

Tena kuna neno tunalolipenda sana tunapowafunda mabinti: uvumilivu. Ni neno takatifu, lakini hutumiwa vibaya. Uvumilivu ni kubeba jambo gumu bila kuacha kupenda. Kuficha ni jambo lingine. Mama anayeficha maumivu ili asiwe mzigo hajafanya fadhila. Amemnyima mwenziwe nafasi ya kuwa mume. Na wahenga walionya: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Basi tuna haki mbili zinazogongana kitanda kimoja. Bwana ana haki ya kulala. Bibi ana haki ya kutoachwa peke yake. Je, lazima mmoja ashindwe?

Mzigo usiogawanyika

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa wa karne ya 13, aliwahi kuuliza katika kitabu chake Summa Theologiae: huzuni ya mwanadamu hutulizwa na nini? Miongoni mwa dawa alizotaja ni machozi, huruma ya marafiki, na jambo ambalo huwashangaza wengi kulikuta katika kitabu cha teolojia: usingizi na kuoga. Mtakatifu huyu hakuudharau mwili. Alijua kwamba mtu aliyekosa usingizi hata roho yake huchoka.

Alipofika kwenye huruma ya marafiki, alijiuliza swali linalotuhusu leo. Inawezekanaje rafiki anipunguzie uchungu wangu, hali uchungu unabaki kuwa wangu? Alitoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huzuni ni kama mzigo, na mtu akiona wengine wanahuzunika naye, anajihisi kana kwamba wamemshikia upande mmoja. Ya pili, ambayo aliiona kuwa bora zaidi, ni kwamba mtu akiona rafiki zake wanashiriki uchungu wake, anatambua kwamba anapendwa. Na kujua kwamba unapendwa ni furaha, na furaha hiyo hupunguza makali ya huzuni.

Nawasihi tuipime sababu hiyo ya pili. Kama ni kweli, basi anachohitaji mama saa nane za usiku si kwamba bwana naye akose usingizi. Anahitaji kujua, katika saa ile ya giza, kwamba anapendwa. Hilo linaweza kukosekana hata kama bwana amelala sentimita kumi kutoka kwake, akivuta pumzi ya hasira na kujifunika blanketi kichwani. Na linaweza kupatikana hata kama bwana yuko sebuleni. Umbali wa kitanda si kipimo cha upendo.

Kipimo ni nini, basi? Hapa sina budi kueleza kwa nini niliomba wiki nzima.

Sentensi yangu moja

Ilikuwa mimba yetu ya pili. Nilikuwa nafundisha kidato cha nne, na meza ilikuwa imejaa karatasi za mitihani ya kusahihisha. Usiku mmoja mke wangu alinigusa bega, akaniambia mgongo unamwuma na hawezi kulala. Nami, nusu macho, nikamjibu: "Mama, tafadhali niache nilale, kesho nina kazi." Sikumpigia kelele. Sikumtukana. Asubuhi hata sikukumbuka kwamba nilisema hivyo.

Yeye alikumbuka. Tangu usiku huo alijifunza kuondoka kitandani bila kuvuta blanketi. Alijua ubao upi wa sakafu unalia na upi haulii. Nami niliona mambo yametulia, nikamshukuru Mungu kwamba mke wangu sasa anapata usingizi.

Mwezi wa nane alianza kuumwa na kichwa. Usiku wa kwanza alikaa jikoni gizani, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso. Usiku wa pili alikaa tena, na macho yakaanza kuona vimulimuli. Mimi nililala fofofo, chumba cha pili. Asubuhi ya siku ya tatu nilienda shule. Mama mmoja wa jumuiya yetu alipita nyumbani kuomba chumvi, akaona uso na mikono ya mke wangu imevimba. Hakumaliza hata habari ya chumvi. Alimpeleka hospitali kwa matatu, na huko wakaikuta presha imepanda sana. Ilikuwa ile hali ambayo huweza kugeuka kifafa cha mimba, na ambayo huanza kutulia tu pale mtoto anapozaliwa. Alidungwa dawa ya kuzuia kifafa, na mtoto akatolewa siku ile ile, mdogo, wa kilo moja na gramu mia tisa.

Wote wawili wako hai, Mungu asifiwe. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima. Lakini jioni ile, nilipokaa kando ya kitanda cha wadi, nilimwuliza mke wangu: "Kwa nini hukuniamsha?" Alinitazama kwa upole ambao hadi leo unanichoma. "Uliniambia nikuache ulale."

Sikuwa nimelala tu. Nilikuwa nimefunga mlango, na ufunguo nikautupa, kwa sentensi moja.

Yosefu alilala

Wengi wetu tunayo nyumbani picha ya Mtakatifu Yosefu ameshika yungiyungi au msumeno. Iko nyingine inayomwonyesha amelala. Marehemu Papa Fransisko, alipokutana na familia mjini Manila tarehe 16 Januari 2015, aliwaambia kwamba anayo sanamu ya Yosefu aliyelala mezani pake, na akiwa na tatizo huliandika katika karatasi na kuliweka chini ya sanamu hiyo.

Tumfikirie huyu Yosefu. Mchumba wake ana mimba, naye amefadhaika, hajui la kufanya. Mathayo hatuambii kwamba alikesha. Anatuambia kwamba alilala, na katika usingizi ule alipata ujumbe, na alipoamka alifanya alivyoagizwa. Baadaye mtoto alipozaliwa, alipata tena ujumbe katika usingizi kwamba kuna hatari. Aliondoka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake, wakaenda Misri. Hakusema, "Ngoja kupambazuke." Hakusema, "Kesho nina kazi," ingawa alikuwa fundi, na bila shaka kazi alikuwa nayo.

Yosefu alikuwa mtu mwenye usingizi, lakini alikuwa mtu anayeamshika. Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Mume hadaiwi kukesha miezi tisa. Mwili wake hauwezi, na kazi yake haiwezi. Anadaiwa kuamshika. Anadaiwa kuwa mtu ambaye mkewe anaweza kumgusa bega saa yoyote bila hofu, bila kupima kwanza kama jambo lake ni zito vya kutosha. Bwana wa namna hiyo anaweza kulala kwa amani. Bwana ambaye mkewe anaogopa kumwamsha, hata akikaa macho usiku kucha, ni kama hayupo.

Na akina mama nanyi mna funzo lenu, tena kutoka kwa Bwana mwenyewe. Usiku wa Gethsemane aliwaomba rafiki watatu wakeshe pamoja naye. Hakuwaomba wakinywe kikombe badala yake; kikombe kilikuwa chake. Aliomba wawepo. Alipowakuta wamelala, hakuona haya kuwaamsha, na aliutambua udhaifu wa mwili wao. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona aibu kuhitaji mwenzi usiku wa mateso yake, wewe bibi unaona aibu ya nini?

Mambo ya kufanya nyumbani

Upendo usio na mikono ni maneno matupu. Haya ni mambo machache ambayo wanandoa wanaweza kuyashika.

Kwanza, semeni neno mapema. Usingoje saa nane za usiku ndipo uamue kama wewe ni mtu wa kuamshwa. Mwambie mkeo mchana, mkiwa mmetulia: "Niamshe." Na akikuamsha kwa jambo dogo, usiguune. Ukiguna kwa jambo dogo, hatakuamsha kwa jambo kubwa.

Pili, mlipe usingizi wake mchana. Huwezi kumpa usingizi wa usiku, lakini unaweza kumpa saa moja ya alasiri. Chota maji wewe. Osha vyombo, waogeshe watoto, na uwaambie wageni wa jioni kwamba mama anapumzika. Mwanamume aliyeshika ufagio hajapungukiwa na kitu. Wazee wakicheka, waache wacheke.

Tatu, msaidie kulala vizuri. Kuanzia wiki ya 28 ya mimba, madaktari wanashauri mama aanze usingizi kwa ubavu na si chali, kwa sababu akilala chali uzito wa mtoto hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na imeonekana kwamba kulala hivyo huongeza hatari ya mtoto kufia tumboni. Ubavu wa kushoto au wa kulia, vyote ni sawa. Akiamka na kujikuta chali asiogope, ageuke tu. Mto mmoja kati ya magoti na mwingine chini ya tumbo husaidia sana; kama mito haipo, blanketi au leso zilizokunjwa zinatosha. Chakula cha jioni kiwe kidogo na kiliwe mapema, na kichwa kiinuliwe kidogo, ili kupunguza kiungulia. Maji anywe ya kutosha mchana, apunguze karibu na kulala. Mguu ukikazana, nyoosha kisigino na uvute vidole vya mguu kuelekea goti. Hiyo ni kazi ambayo mume anaweza kuifanya hata akiwa nusu macho.

Nne, chai. Sisi Wakenya tunaipenda, lakini chai na kahawa za jioni hufukuza usingizi, na chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma. Ni vizuri mama anywe mapema, tena kando na chakula. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki avimeze kila siku. Mama anayetamani sana kula udongo au mawe laini amweleze muuguzi. Mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua.

Tano, nendeni kliniki pamoja. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mama aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane katika mimba moja. Mara mojawapo, bwana, uwe kwenye benchi lile. Mama asinunue dawa za usingizi dukani, wala za kienyeji, bila kumwuliza daktari. Na kama kukosa usingizi kunaambatana na huzuni nzito, machozi yasiyo na sababu, au mawazo ya kujidhuru, hilo ni ugonjwa unaotibika. Si upungufu wa imani.

Sita, jueni usiku ambao si wa kungoja asubuhi. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu makali chini ya mbavu, kutokwa na damu au maji, mtoto kupunguza kucheza, au viganja na nyayo kuwasha sana usiku: mambo haya humwamsha mume, na mume humpeleka mke hospitali saa ile ile. Fedha ya gari la usiku iwekwe kando kabla, na namba ya jirani mwenye gari iandikwe ukutani.

Saba, habari ya tendo la ndoa. Mke ambaye hajalala siku tatu asiulizwe kwa nini hana hamu. Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya haki za mume na mke, alizungumza na wote wawili. Kuna usiku ambapo kumkanda mkeo mgongo, bila kudai kitu kingine, ndilo tendo la ndoa lililo kubwa kuliko yote.

Kwa mabwana walio mbali

Najua wengi wanaosoma ukurasa huu hufanya kazi Nairobi au Mombasa, na bibi yuko nyumbani mashambani. Kwenu kitanda kimekuwa kirefu kama barabara. Kutuma pesa kwa simu ni vizuri, lakini pesa haijibu mtu anapoita. Simu yako isizimwe usiku. Mwambie, "Piga saa yoyote." Na tafuta mtu aliye karibu naye, mama yako, shemeji au mwanajumuiya, wa kugongewa mlango akihitajika. Mke asibaki na jina lako tu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa baba mwajiriwa likizo ya wiki mbili mtoto anapozaliwa. Tunaishukuru. Lakini ile miezi tisa iliyotangulia hakuna sheria inayokulazimisha kitu. Hakuna mkaguzi atakayekuja saa nane za usiku kuona kama uliamka. Imeachwa kwa dhamiri yako, na kwa ile ahadi uliyoitamka mbele ya padre, ya raha na taabu.

Nilichowaambia

Wiki iliyofuata yule dereva na bibi yake walikuja. Nilimwambia bwana: "Hama. Hutakuwa umekosa, maana wale abiria nao ni watoto wa watu. Lakini usihame kabla hujamwambia mkeo neno moja, na umwambie hapa nikisikia." Akaelewa. Akamgeukia, akasema, "Mama, niamshe." Bibi, safari hii, hakutazama chini.

Walipatana hivi. Usiku wa kuamkia kazi, bwana alale kwenye kochi, mlango wa chumba ukiwa wazi. Usiku wa kuamkia siku yake ya mapumziko, alale kitandani, na shughuli zote za alfajiri ziwe zake. Jirani yao mmoja alikubali kuitwa mchana bibi akitaka kulala.

Nilikutana naye baadaye nikamwuliza habari. Akacheka. "Aliniamsha usiku wa tatu, Mwalimu. Nilikimbia nikidhani ni hatari. Kumbe mtoto alikuwa anacheza sana, akataka niweke mkono." Nikamwuliza kama alikasirika. Akasema hapana, alirudi kwenye kochi akalala vizuri kuliko siku zote. Naye bibi, alisema, alilala hadi kumi na moja.

Maswali ya kuzungumza wawili nyumbani

1. Je, kuna sentensi ambayo mmoja wetu aliisema zamani, akaisahau, na mwenzake bado anaishi nayo?

2. Bibi: ni jambo gani ulilolibeba peke yako usiku kwa sababu hukutaka kunisumbua?

3. Bwana: mkeo akikugusa bega usiku huu, atakuta nani?

4. Ni kazi gani ya mchana tunayoweza kuihamisha kutoka mikono ya mama kuanzia kesho?